Choo kimefunga, mwili baridi, naambiwa ni homoni. Homoni gani?

SWALI

Bi Mkunga, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na feri. Nakuandikia kwa sababu tumbo langu limenishinda, na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Kitindamimba wangu ana miezi minane. Tangu kama miezi miwili iliyopita choo kimekuwa taabu. Hupita siku tatu, nne, sijaenda, na nikienda kinatoka kikavu, vipande vipande, baada ya kukamia mpaka machozi yanitoke. Nikila kidogo nashiba, tumbo linajaa gesi hata dera naliona linanibana. Uzito umepanda ilhali sili kama zamani. Usingizi hauniishi. Nywele zanyonyoka, nikichana natoa fundo zima. Na baridi, Bi Mkunga! Niko mbele ya karai la mafuta yanayochemka, watu wanajipepea, mimi nimejitanda leso mbili mabegani.

Cha ajabu, mwanzo mambo yalikuwa kinyume. Mtoto alipokuwa na miezi miwili, mitatu, nilikuwa naenda choo mara tatu nne kwa siku, nikakonda upesi mpaka majirani wakanisifu. Moyo ulikuwa ukinienda mbio hata nimekaa kitako, na jasho lisilo na sababu. Nikaambiwa ni kunyonyesha na uchovu, na kweli ikaisha yenyewe.

Mavyaa wangu asema hili ni chango, kwa kuwa nilirudi kwenye karai kabla ya kutimiza arobaini. Kila jioni hunichemshia sanamaki. Nikinywa, choo hutoka kwa msokoto mkali, kesho yake kimefunga tena. Jirani asema ni vidonda vya tumbo, akanipa dawa ya asidi, ile nyeupe ya maji. Bado nameza vidonge vya damu vya kliniki, na vidonge vya nywele na kucha nilivyojinunulia.

Sasa katika kikundi chetu cha WhatsApp yuko mama auzaye mchanganyiko wa "kusawazisha homoni na kusafisha tumbo", chupa tatu shilingi 4,500. Asema homoni zikivurugika chakula hakisagiki. Mume wangu, ambaye ni kibarua bandarini, amecheka sana. Asema homoni ni mambo ya uzazi, hazijui hamri wala mbaazi.

Nani ana haki? Na hizo chupa ninunue? Halafu nina swali la aibu: huwa sili kitu tangu niamke saa tisa usiku mpaka saa nne asubuhi, na ikifika saa hiyo tumbo hunguruma wateja wakasikia. Kama chakula hakisagiki, njaa yatoka wapi?

Mama Mahamri, Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na mfuko wako: hizo chupa usinunue. Kama umeshatuma pesa, usinywe, maana unanyonyesha na hakuna ajuaye kilichochemshwa humo ndani. Hiyo 4,500 iweke kwa nauli na kipimo cha damu nitakachokutajia.

Katika ubishi wenu, mumeo amekosa na yule muuzaji amepata nusu. Tena nusu aliyopata ni kubwa.

Mwambie mumeo, kwa upole maana ametoka kubeba mizigo, kwamba homoni inayohesabiwa kuwa ya kwanza kugunduliwa duniani haikutoka kwenye kizazi cha mwanamke. Ilitoka utumboni, na kazi yake ni chakula. Ilikuwa London, Januari 1902. William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Wakati ule wataalamu wengi, wakimfuata Ivan Pavlov wa Urusi, waliamini kwamba kongosho huamrishwa na mishipa ya fahamu. Hapa mishipa imekatwa, na bado kongosho likatoa maji yake vilevile. Habari ilikuwa imepita kwenye damu. Hicho kilichobeba habari wakakiita sekritini, na mwaka 1905 Starling ndipo alipoanza kutumia neno homoni kwa vitu vya namna hiyo.

Basi tuifuate sahani ya mteja wako: mahamri mawili, mbaazi za tui zito, chai ya maziwa.

Chakula kikiingia kwenye mfuko wa tumbo, hasa ile protini ya mbaazi na maziwa, seli zilizoko upande wa chini wa mfuko humwaga gastrini kwenye damu. Gastrini huzunguka na damu kisha ikarudi pale pale ilipotoka kuamuru asidi itolewe. Asidi ikitosha, homoni nyingine iitwayo somatostatini huizuia isizidi. Uji huo mkali wa chakula na asidi ukianza kuteremka kwenye utumbo mwembamba, ile sekritini ya London huingia kazini: kongosho hutoa maji yenye bikaboneti ya kuvunja ukali, kwa kuwa vimeng'enya, yaani vile visagavyo chakula, vya huko chini havifanyi kazi vizuri penye asidi.

Halafu yaja mafuta ya karai na ya tui. Mwanzo wa utumbo mwembamba ukiyaonja tu hutoa homoni yenye jina refu, kolesistokinini, ambayo madaktari huikata wakasema CCK. Hii naipenda kuliko zote kwa jinsi isivyopumzika. Hubana kibofu cha nyongo ili nyongo iteremke iyavunje yale mafuta. Huliamsha kongosho lilete vimeng'enya. Huufikishia ubongo habari ya shibe. Na juu ya hayo hupunguza kasi ya chakula kutoka kwenye mfuko wa tumbo, kile kilichobaki juu kikawa kinaachiliwa kidogo kidogo, kama walinzi wa feri pale kwenu wanavyozuia umati wakauachia kwa zamu. Ndiyo maana aliyekula kwako mahamri na mbaazi saa moja hana haja ya kitu mpaka adhuhuri, na aliyekunywa chai ya rangi kwa mkate mkavu saa tatu yuko mlangoni pako tena.

Zipo na homoni nyingine mbili za utumbo, GLP-1 na GIP, ambazo huliarifu kongosho kwamba sukari iko njiani, liandae insulini mapema. Umesikia habari za sindano za kisukari ambazo siku hizi watu huzitafuta kwa ajili ya kupungua? Dawa hizo huiga GLP-1. Uliza waliochomwa: wengi wao hulalamika kichefuchefu, na si wachache waliofunga choo. Homoni ya utumbo ikizidishwa kwa sindano, utumbo wenyewe ndio wa kwanza kupiga kelele. Kwa hiyo muuzaji wako hakusema uongo aliposema homoni zasimamia chakula.

Alipokosea ni kwenye hilo neno "kusawazisha". Mpaka hapa nimekutajia sita, na bado ziko nyingine nyingi, kila moja na mahali inapotoka, kinachoiamsha na kinachoizima. Hakuna chupa moja inayoweza kuzipandisha zilizoshuka na kuzishusha zilizopanda. Akikutumia ujumbe tena, mwulize swali moja tu: homoni gani? Uone kama atakujibu kwa jina au kwa picha ya ua.

Tumbo linalonguruma saa nne lisikutie aibu. Mfuko wa tumbo na utumbo mwembamba vikiwa vitupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupita wimbi la misuli kutoka juu kwenda chini, likifagia mabaki ya mlo uliopita. Homoni iitwayo motilini ndiyo huliamsha. Wimbi likisukuma hewa na maji mahali patupu, hutoka sauti. Njaa nayo ina homoni yake, grelini, ambayo Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitangaza mwaka 1999. Hutoka kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo, hupanda kabla ya ile saa mtu aliyozoea kula, na hushuka akishakula. Afungaye Ramadhani hulijua hili bila ya maabara: siku za mwanzo saa ya chai humtesa, zikienda siku chache saa hiyo hupita hata haikumbuki, njaa ikahamia alasiri kuelekea magharibi. Wewe umeizoesha saa nne, nayo yatimiza ahadi. Haikuambii lolote kuhusu kusagika kwa chakula cha jana.

Sasa nije kwa lile lililonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Homoni zote hizi nilizozitaja hufanya kazi kwa dakika na saa. Iko nyingine inayopanga mwendo wa mwili mzima kwa wiki na miezi, nayo haitoki tumboni. Hutoka kwenye tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Ile ile ambayo ikivimba watu husema fulani ana rovu, ila yaweza kuugua bila kuvimba hata kidogo. Homoni yake ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo: moyo, joto la mwili, fikra, ngozi na nywele, pamoja na misuli ya utumbo. Chakula kikichelewa kwenye utumbo mpana, maji yake hufyonzwa mno, kikatoka hicho kikavu cha kukamia. Homoni ikizidi, mambo hugeuka: moyo mbio, jasho, kukonda, choo mara kwa mara.

Mtu anayesikia baridi Mombasa, mbele ya karai la mafuta, na leso mbili mabegani, mimi nataka damu yake ipimwe tezi kabla sijasikia habari nyingine yoyote.

Na wewe umepitia pande zote mbili. Ile aya uliyoiita ya ajabu ndiyo iliyonipa habari kuliko barua yote. Wakati wa mimba kinga ya mwili hutulizwa ili isimdhuru mtoto. Baada ya kujifungua huamka tena, na kwa baadhi ya wanawake huishambulia tezi yao wenyewe. Tezi ikijeruhiwa humwaga akiba yake kwenye damu kwa mkupuo, na hii huonekana kati ya mwezi wa kwanza na wa nne: moyo, jasho, kukonda, mbio za chooni. Akiba ikiisha, na tezi bado haijapona, kati ya mwezi wa nne na wa nane hivi huja upungufu: baridi, uzito, usingizi, choo kufunga. Sasa soma barua yako tena. Makadirio mengi huzunguka wanawake watano hivi katika kila 100 waliojifungua, kwa hiyo si jambo la nadra. Hupita bila kuonekana kwa sababu kila mzazi amechoka, na katika wodi ya wazazi "ni uchovu wa kunyonyesha" ndilo jibu lililo karibu na mdomo. Mara nyingi ni kweli. Ndilo tatizo lenyewe.

Sikupi ugonjwa kwa barua, lakini, na yako mengine yanayoweza kuwa yamechangia. Nywele kunyonyoka miezi michache baada ya kujifungua huwapata wengi walio wazima kabisa. Vidonge vya damu hufunga choo, vikakitia na weusi. Usiviache kienyeji, mwambie aliyekuandikia akuone upya. Ile dawa nyeupe ya jirani isome kwenye chupa: yenye aluminiamu hufunga choo, yenye magnesiamu hukilainisha, na nyingi zina zote mbili. Wala hukunieleza dalili kuu za vidonda vya tumbo, si maumivu ya kuungua wala ya kukuamsha usiku, kwa hiyo dawa yake sijui unainywea nini. Lakini hakuna kati ya hivyo kinacholeta baridi.

Jambo jingine hukulitaja, na mkunga hawezi kuliacha. Hedhi imerudi? Kama bado, pima mimba kwanza. Kunyonyesha hakukulindi kama kulivyokulinda miezi ile sita ya mwanzo mtoto akinyonya tu. Homoni ya mimba iitwayo projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, na wanawake wengi hufunga choo hata kabla hawajajua kwamba wamebeba. Tena mimba ikikuta tezi iliyo chini, daktari atataka kujua mapema.

Kipimo chenyewe huitwa TSH, na ukiweza pamoja nacho T4 huru, ambayo ni homoni yenyewe ya tezi ya shingo. Ni damu ya mkononi, basi. Usije ukachanganyikiwa na majibu: TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, hutoka kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuihimiza ile ya shingo. Ya shingo ikizembea, pituitari hupaza sauti. Kwa hiyo nambari ya TSH ikiwa juu, ujue tezi iko chini.

Na hapa kuna mtego ambao huenda hata aliye maabara asikuulize. Hivyo vidonge vya nywele na kucha, geuza kopo usome. Vingi vina biotini, ambayo ni aina ya vitamini, na biotini nyingi huvuruga namna mashine nyingi zinavyosoma vipimo vya tezi: yaweza kukuonyesha TSH ya chini na T4 ya juu, ukaambiwa tezi yako inakwenda kasi ilhali inalala. Viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na uwaambie ulikuwa ukivimeza. Mimi ningekwambia uviache kabisa, lakini najua nywele ni nywele.

Anzia kituo chako cha afya hapo Likoni. Wasipokuwa na kipimo watakuelekeza Hospitali Kuu ya Pwani, tuliyozoea kuiita Makadara, au maabara ya nje; uliza bei kabla hujakaa kwenye kiti. Mwezi ujao mtoto ana chanjo ya surua ya miezi tisa. Usingoje siku hiyo, lakini ukishindwa kabisa kuacha karai kabla ya hapo, basi siku hiyo usitoke kliniki bila ya kusema. Na usiseme "tumbo", maana ukisema tumbo utapewa dawa ya minyoo urudi nyumbani. Sema hivi: nimejifungua miezi minane iliyopita, nilikuwa na moyo mbio na kukonda, sasa nasikia baridi, naongezeka uzito na choo kimefunga, naomba nipimwe tezi ya thairoidi.

Ikionekana ni tezi, usiogope. Wengi hurudi sawa ndani ya mwaka au mwaka na nusu tangu kujifungua, wengine bila dawa yoyote. Wakikuona una upungufu wa kukusumbua watakupa levothairoksini, ambayo ni homoni ileile uliyopungukiwa, na mama anayenyonyesha huimeza bila wasiwasi. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai. Vidonge vya damu na dawa za asidi zipishane nayo kwa muda wa masaa manne, la sivyo huzuia isiingie mwilini. Kuna wachache ambao tezi yao hairudi wakaendelea na kidonge, na hata waliopona huambiwa wapimwe kila mwaka, na tena wakijifungua. Kidonge cha jirani mwenye rovu usikiazime; hujui yeye anatibiwa cha kupanda au cha kushuka.

Atatokea pia wa kukwambia unywe mwani, kwa kuwa una aidini na tezi inataka aidini. Mwani unalimwa hapo Kibuyuni na ni kazi nzuri kwa kina mama wa Kwale, ila kwa tezi iliyokwisha kushambuliwa aidini ya ziada yaweza kuizidishia. Chumvi ya dukani Kenya hutiwa aidini kwa sheria. Mchuzi wako unakutosha.

Mavyaa wako usimvunje moyo, kwa sababu ndiye anayekupikia. Wala usijilaumu kwa arobaini. Kurudi kazini mapema hakuishambulii tezi. Sanamaki nayo si ushirikina. Ni sena, na hata hospitali hutoa vidonge vyake: huchokoza misuli ya utumbo mpana ikasukuma. Kasoro ya ile ya sufuriani ni kwamba haina kipimo, leo nyepesi, kesho chungu kama nini, na kuinywa kila jioni hukupotezea maji na chumvi za mwili, ndiyo hiyo misokoto. Mwambie Bi Mkunga ameomba ipumzishwe, na badala yake akuwekee papai, akupikie mchicha au kunde, na maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi. Na maji matupu, mwanangu! Unanyonyesha na unasimama mbele ya moto.

Kisha nina ugomvi nawe kidogo. Unauza mbaazi, zilizojaa nyuzinyuzi ambazo utumbo wako unazililia, na wewe mwenyewe huonji mpaka saa nne. Chakula kinapoingia kwenye mfuko wa tumbo, utumbo mpana chini huamshwa usukume, kwa mishipa ya fahamu zaidi na homoni zikisaidia, na asubuhi ndipo wito huo unapokuwa na nguvu kuliko saa zote. Wewe wito ukija uko na mwiko mkononi na foleni mbele yako, ukauzuia. Ukizuiwa kila siku hunyamaza. Kwa hiyo baada ya kukaanga karai la kwanza nyumbani, kabla hujatoka, kaa ule: kikombe cha chai au uji, hamri, mbaazi kidogo mwanzoni kwa sababu ya hiyo gesi. Halafu nenda chooni hata kama huna haja, ukae dakika chache bila kukamia. Choo cha kuchutama ni bora kwa hili. Kama ni cha kukalia, weka kigoda kidogo chini ya miguu. Nani atamshika mtoto dakika hizo? Mumeo, kama hayuko zamu ya usiku, na kama ameshamaliza kucheka.

Usingoje miadi yoyote ukiona damu kwenye choo, ukitapika, tumbo likivimba na hata upepo hautoki, ukipata homa, macho yakiwa manjano, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta. Hayo ya mwisho huwa ni mawe ya nyongo mara nyingi, na homoni za mimba huyachochea, kwa hiyo mzazi anayo nafasi yake. Na kama pamoja na usingizi umeanza kuona kila kitu kizito, unalia bila sababu au humtamani mtoto, liseme hilo pia pale kliniki. Tezi iliyo chini huweza kuuleta huzuni huo, na huzuni wa uzazi hutibika hata kama tezi ni nzima.

Ukipata majibu niandikie nambari ya TSH pamoja na ile safu ya kiwango cha kawaida iliyochapwa kando yake, kwa sababu kila maabara ina yake. Niambie pia kama ulikuwa umeviacha vile vidonge vya nywele.

Bi Mkunga